Redio kol ya chomboni inasikia lakini haitumi: anza na draiva

Swali: Assalaam aleikum fundi, na shikamoo. Niko Lamu, namsaidia ami yangu kwenye mashua yake ya mizigo kati ya Mokowe na Kizingitini. Tuna redio kol ya zamani ya chaneli 40, ya AM tupu. Inasikia vizuri chaneli zote. Tukibonyeza maiki taa ya kutuma inawaka, lakini sindano ya nguvu hainyanyuki, na mwenzetu akiwa chombo cha pili anatusikia kwa mbali sana hata tukiwa karibu naye. Fundi mmoja alibadilisha transista kubwa ya mwisho, hali ikabaki vile vile. Sasa anasema redio imekufa tununue nyingine. Nimesomea kutengeneza TV, nina mita ya kidijitali na chuma cha kulehemu. Je, kuna njia?

Jibu: Wa alaikum salaam, marahaba mwanangu. Njia ipo. Kwa hayo uliyoyaeleza redio hiyo haijafa. Aliyebadilisha fainali, ile transista kubwa ya mwisho, bila kupima kinachoifikia alianzia mwisho wa njia. Nitakuonyesha pa kuanzia na sababu yake, ili usitoe hata transista moja mpaka mita ikwambie uitoe.

Dalili zako zenyewe zimeshasema mengi. Redio inasikia vizuri chaneli zote, basi umeme unaingia sawa, na PLL, ile sehemu inayotengeneza masafa, iko hai, kwa sababu kwenye redio hizi kupokea na kutuma hutegemea PLL moja. Taa inawaka, basi maiki na waya zake zinafanya kazi ya kubadilisha hali. Mwenzenu anawasikia kidogo, basi mawimbi yanazaliwa ila yanapotea kabla ya kupata nguvu. Tunatafuta pahali kati ya PLL na antena, na hapo mna hatua tatu za kukuza: pridraiva, draiva, fainali. Pridraiva ni transista ndogo inayoshika mawimbi yangali dhaifu. Draiva huyapandisha, bado chini ya wati moja. Fainali huyafikisha wati 4, kiwango ambacho redio nyingi za AM za aina hii zilitengenezewa kwa sababu ndicho sheria ya Marekani inachoruhusu.

Sasa shika jambo hili, maana ndipo mafundi wengi wa TV na spika hupotea wakifungua redio ya kutuma. Katika redio za AM tupu, fainali, na mara nyingi draiva pia, haiwekewi volti ya kuiamsha kwenye besi, mguu unaoiongoza. Besi yake inashuka graundi kupitia koili ndogo, choki. Transista hiyo inalala kabisa mpaka isukumwe na mawimbi ya hatua iliyoitangulia. Ikikosa msukumo haivuti umeme, haipati moto, haitoi kitu, hata ikiwa mpya na halali. Ndiyo sababu fainali mpya haikuwasaidia: draiva ikiwa haitoi kitu, fainali yoyote utakayoweka italala.

Kabla ya kubonyeza maiki mezani, tengeneza mzigo bandia wa kukaa mahali pa antena. Chukua rezista 20 za kaboni za kiloomu 1, wati 1 kila moja, uziunganishe sambamba. Utapata omu 50 zinazobeba wati 20, zaidi ya unachohitaji. Usitumie zile nyeupe za saruji, hata kama ni kubwa na zinavutia. Ndani yake mna waya uliozungushwa, na kwenye megahezi 27, masafa ya redio hizi, waya huo ni koili, si rezista tena. Usitume kamwe bila mzigo wala antena, hata kwa kujaribu tu.

Kipimo cha kwanza hakitaki kufungua redio. Weka mita kwenye ampea 10 na upitishe ndani yake waya mwekundu wa umeme. Redio ikipokea utaona sehemu tu ya ampea moja. Bonyeza maiki bila kusema neno. Redio nzima ya wati 4 hupanda ikapita ampea 1. Yako ikibaki karibu pale pale, fainali imelala na tunaendelea nyuma kutafuta draiva. Ikipanda sana huku nguvu haitoki, simama: fainali inavuta na kuchemka bure, na hapo shuku kazi ya yule fundi. Bamba la mgongoni mwa fainali hizi ni kolekta, yaani limeungana na mguu unaopokea umeme, nalo lina umeme wote wa betri, kwa hiyo huwekwa karatasi ya mika na kikombe kidogo cha plastiki kwenye skrubu ili lisiguse chasi. Hakikisha vyote viwili vilirudishwa.

Fungua sasa. Umeme wa kolekta za draiva na fainali, kwa redio nyingi za aina hii, hupita kwanza kwenye transfoma ya sauti, ile inayoingiza maneno yako kwenye mawimbi. Ni njia moja inayogawanyika mwishoni, na mgawanyiko huo ni rafiki yako. Lehemu rezista ya kiloomu 10 kwenye ncha ya waya mwekundu wa mita, maana bila hiyo mawimbi huingia ndani ya mita ya kidijitali na namba zikaruka ovyo. Bonyeza maiki, gusa kolekta ya fainali, kisha ya draiva. Zote mbili zitarajiwe kuwa karibu na volti za betri, ya draiva ikipungua kidogo. Zikikosekana zote mbili, rudi nyuma kwenye transfoma na swichi ya umeme. Ya fainali ikiwepo na ya draiva isiwepo, umeshakaribia sana.

Kati ya njia ile ya umeme na koili ya draiva kwa kawaida pana rezista ndogo au choki, na baada yake kapasita ya diski inayoshuka graundi. Iangalie rezista hiyo kwa lenzi, au piga picha kwa simu uikuze. Iliyoungua huwa mistari yake ya rangi imegeuka kahawia yote, rangi ya mwili imefura kidogo upande mmoja, na bodi chini yake ina kivuli cha moshi. Ukiikuta hivyo usikimbilie kuibadilisha. Rezista ya namna hii huungua kwa sababu kuna kitu mbele yake kimeshika graundi. Inyanyue mguu mmoja, kisha pima kapasita ya diski, kisha kolekta ya draiva kwenda graundi. Mara nyingi utakuta diski imeshoti. Ukibadilisha rezista peke yake itaungua tena dakika hiyo hiyo na utaanza kuilaumu transista isiyo na kosa.

Umeme ukifika kwenye kolekta, angalia kama draiva inaufanyia kazi. Redio nyingi zina rezista kati ya emita ya draiva, mguu wake wa tatu, na graundi, na hiyo ni zawadi, kwa sababu inakupimia mkondo bila kukata waya wowote. Soma volti juu yake huku umebonyeza maiki, gawa kwa omu zake. Volti 1.1 kwenye omu 22 ni ampea 0.05, yaani miliampea 50, na hiyo ni draiva inayofanya kazi. Sufuri maana yake ama haisukumwi ama imekatika ndani.

Kujua lipi kati ya hayo mawili, unahitaji kuona mawimbi yenyewe, na si lazima uwe na osiloskopu. Tengeneza kichunguzi chako. Kapasita ya seramiki ya pikofaradi 100 iwe ndiyo ncha ya kugusia. Mguu wake wa pili uungane na daiodi, upande wenye mstari ukiigusa kapasita, upande wa pili ukienda graundi. Hapo hapo zinapokutana kapasita na daiodi toa rezista ya kiloomu 100 kwenda mita iliyo kwenye volti za DC. Waya wa graundi uwe mfupi, ulehemiwe kwenye chasi karibu na unapopima. Kwenye hatua dhaifu tumia daiodi ya germaniamu kama 1N60, inayopatikana kwenye redio mbovu za zamani, kwa sababu inaanza kufanya kazi kwa volti ndogo. Kwenye tokeo la fainali tumia 1N4148, inayostahimili volti kubwa zaidi.

Anza nyuma uende mbele: kolekta ya pridraiva, besi ya draiva, kolekta ya draiva, besi ya fainali. Usitafute namba kamili, tafuta kupanda. Kolekta ya kila hatua isome juu kuliko besi yake. Pale ambapo besi ina kitu na kolekta haina kitu zaidi, ndipo palipovunjika. Na kama besi ya draiva haina chochote, acha draiva kabisa, tatizo liko kwenye pridraiva au kwenye koili zinazowaunganisha.

Ukifika kuishuku transista, jihadhari na mtego ambao umetupisha transista nyingi nzima. Mtu huzima redio, anaweka mita kwenye alama ya daiodi, anapima besi na emita ikiwa bado kwenye bodi, anapata karibu sufuri, anasema imeshoti. Haikushoti. Ile choki ya besi niliyokwambia inashuka graundi, na emita nayo iko graundi au karibu yake, kwa hiyo mita inasoma waya wa choki. Nyanyua mguu wa besi na wa kolekta kwanza. Ndipo upime: besi kwenda emita na besi kwenda kolekta upate kama volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja tu, na kolekta kwenda emita usipate kitu pande zote mbili. Hii peke yake inatosha kunifanya nikuombe umtafute yule fundi, na kama hakuitupa ile fainali aliyoitoa, uichukue uipime hivyo. Ikiwa nzima, irudishe. Ile ilitoka kiwandani na redio, na leo kuipata ya kweli ni kazi.

Nasema hivyo kwa sababu ya hali ya vipuri. Kwenye redio za umri huo draiva huwa namba kama 2SC1957, 2SC2166 au 2SC2314, na fainali 2SC2078 au 2SC1969. Mwilini mara nyingi imeandikwa C1957 tu, bila 2S. Fainali za bandia zimejaa sokoni, hasa za 2SC1969: transista ya namna nyingine imefutwa namba na kuchapwa namba mpya. Muuza duka naye anaweza kukupa TIP41 kwa nia njema, kwa sababu umbo ni lile lile, skrubu inaingia, na inabeba ampea nyingi. Lakini TIP41 ni ya sauti na ya kuendesha umeme mkubwa. Uwezo wake wa kukuza huishia karibu na megahezi 3, na wewe unataka 27. Itakaa kwenye bodi, itapokea umeme, haitakuza kitu. Angalia pia miguu. Mpangilio wa draiva ndogo bapa si lazima ufanane na wa fainali, kwa hiyo soma karatasi yake ya data kwenye simu kabla ya kulehemu.

Kwa chombo cha Lamu, hata hivyo, mimi ningeweka dau langu kwenye chumvi kuliko kwenye transista. Redio inayokaa kwenye mashua inapigwa na hewa ya bahari usiku na mchana, na wakati wa kusi hata ndani ya sanduku hakukauki. Tazama vile vikopo vya bati vilivyo kati ya pridraiva na draiva. Ndani ya kila kimoja mna waya mwembamba sana wa koili unaoshuka hadi kwenye pini, na unapozungushwa kwenye pini ndipo unapoliwa. Utaona unga wa kijani, na chini yake waya umekatika kwa nafasi ambayo jicho haliioni. Pima kila koili kwa omu ukiwa umezima redio: nzima itasoma karibu sufuri, iliyokatika haitasoma. Mara nyingi waya hubakia na urefu wa kutosha kukwangua kidogo na kulehemu tena pale pale kwenye pini, na redio ikaamka.

Kuosha bodi, mafundi wengi humwaga spiriti wakaridhika. Spiriti haiyeyushi chumvi vizuri. Anza na maji safi, ya betri yale yaliyochujwa au ya mvua, kwa mswaki laini, ukikwepa spika na transfoma. Kisha ndipo upitishe spiriti kufukuza maji, na uache bodi ikauke kwa siku nzima mahali penye upepo. Usipulize mafuta ya kulegeza kutu ndani ya vikopo, yanabaki humo na kukusanya vumbi.

Na tafadhali usizungushe zile skrubu nyeusi zilizo juu ya vikopo kwa kutafuta bahati. Ni fereti, huvunjika kwa bisibisi ya chuma, na kipande kikikwama ndani umepoteza koili ambayo hutaipata tena. Zitaguswa mwishoni tu, baada ya draiva kufanya kazi, kwa kijiti cha plastiki ulichokichonga. Weka alama ya kalamu pale ilipokuwa, zungusha robo mzunguko kwenda na kurudi, fuata namba inayopanda kwenye mzigo bandia, chaneli ya 20 hivi ili katikati ya masafa pawe sawa. Ukisoma kwa kichunguzi chako karibu volti 20 juu ya zile omu 50 bila kuongea, umefika wati 4: 20 mara 20 ni 400, gawa kwa 100, yaani zile omu 50 mara mbili. Hapo acha. Kuna watakaokwambia uzidishe mpaka wati 8. Sauti itakwaruza, fainali itachemka, na umbali hautaongezeka wa kuuona.

Baki na swali la nini kiliiua, maana draiva na fainali haziharibiki bila sababu, na sababu hiyo bado imo chomboni. Pima volti za betri mashine ikiwa inanguruma kwa kasi. Ikipita 14.5 hivi, kidhibiti cha jenereta hakidhibiti, na redio itaungua tena. Kisha antena. Mashua zetu, za Matondoni au za kokote, ni za mbao. Antena fupi ya gari hutegemea bati la gari kuwa nusu yake ya pili, na mbao haiwezi kuwa hivyo. Ukiifunga kwenye mlingoti hivi hivi, nguvu nyingi hurudi kwenye fainali badala ya kwenda hewani, na redio itaendelea kusikia vizuri tu, kwa hiyo hutashuku. Nyoosha waya mbili au tatu za shaba, mita 2.6 hadi 2.7 kila moja, chini ya sakafu ya chombo kutoka kwenye kitako cha antena kwenda pande tofauti, ncha zake ukizifunga zisiguse maji. Halafu azima mita ya SWR, inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudi kutoka kwenye antena, na usome chaneli ya 1, ya 20 na ya 40. Ikiwa zote ziko chini ya 2, rudisha redio. Ikiwa 3 na zaidi, usitume mpaka urekebishe, na chunguza plagi ya kebo kwanza, kwani shaba ya kebo iliyolowa maji ya bahari hugeuka nyeusi ndani kwa ndani bila ganda la nje kuonyesha lolote.

Mwambie ami yako pia mambo mawili. Kifaa cha kutuma chahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na ni afadhali aulize kabla hajaulizwa. La pili ni zito zaidi. Redio kol ni nzuri kwa kuitana na kujuzana maji yalivyo pale Mkanda yakitoka, lakini hakuna kituo cha uokoaji cha kukutegea sikio kwenye megahezi 27. Wa kuokoa wanasikiliza redio ya VHF ya baharini, chaneli ya 16, megahezi 156.8. Kama fedha ile mliyotenga kununua redio kol nyingine ingali ipo, nunueni kwayo VHF ndogo ya mkononi isiyoingia maji, kisha hii ya zamani uitengeneze kwa vipimo nilivyokupa. Ukikwama, niandikie namba tatu: ampea wakati wa kutuma, volti za kolekta ya draiva, na volti za emita yake. Kwa hizo nitajua uko hatua gani.